Sura ya Tano: Ngao za Kibanjani

Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uliripotiwa wilayani Muleba, na leo ni vigumu kumpata mkulima wa Kagera asiyeujua kwa macho. Majani yanageuka njano na kulegea wakati mvua inanyesha. Ua dume linasinyaa. Ndizi zinaiva kabla ya siku zake, tena bila mpangilio, na ukizimenya unakuta nyama imeingia rangi ya kutu. Ukilikata shina ukasubiri kidogo, usaha wa manjano unachuruzika kwenye jeraha. Shina hilo haliponi tena.

Bakteria anayeleta ugonjwa huu, Xanthomonas, alielezwa mara ya kwanza Ethiopia mwaka 1968 kwenye ensete, ndugu wa mgomba ambaye watu wa kusini mwa nchi hiyo hula tunguu na shina lake. Mwaka 2001 alikwisha kuonekana Uganda na Kivu Kaskazini. Alipofika Muleba na Bukoba alikuta nyumba zilizojengwa katikati ya migomba, watu ambao kwao mlo usio na ndizi hauhesabiwi kuwa mlo, na vibanja, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, vilivyorithiwa kutoka kwa babu kwenda kwa mjukuu. Enchoncho, Enshakala, Entobe, Nyoya: aina hizi za ndizi Mhaya, mwenyeji wa Kagera, anazitofautisha kwa kuangalia shina tu. Kwa bakteria, hata hivyo, zote zilikuwa mlango mmoja. Ndizi za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki zimezalishwa kwa machipukizi tangu zamani, chipukizi likitoka kwa mama bila mbegu, na uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba zinafanana mno kinasaba, kiasi cha kuhesabiwa watoto wa mche mmoja wa kale. Pengo la kinga lililomo katika mmoja limo katika wote. Mgomba ulioonekana kuhimili ni Musa balbisiana, mgomba-mwitu wa Asia wenye mbegu ngumu, usioliwa.

Msomaji anaweza kuuliza mgomba unaingiaje katika kitabu cha mitishamba. Unaingia kwa sababu protini ambazo mmea huzitengeneza ili usiliwe na kuvu, mdudu au bakteria ndizo hizohizo tunazozikuta ndani ya baadhi ya dawa zetu, na hakuna njia ya kuelewa kinachoponya mtu pasipo kwanza kuelewa vita ambavyo mmea ulikuwa ukivipigana kwa ajili yake wenyewe. Hakuna mti uliowahi kutengeneza dawa kwa ajili yetu.

Mmea hauna damu, hauna seli za ulinzi zinazozunguka mwilini, wala hauwezi kukimbia. Kila seli inajilinda yenyewe. Kwenye utando wake wa nje zimesimikwa protini zenye mfinyo mdogo unaoingia kitu kimoja tu: kipande cha mkia ambao bakteria hutumia kuogelea, au kipande cha kitini, malighafi ya ukuta wa kuvu na ya gamba la mdudu. Mmea wenyewe hauna kitini mwilini. Kwa hiyo kitini kikigusa mfinyo ule, maana yake ni kwamba mgeni amekwisha kuingia. Ndani ya dakika chache seli inamwaga oksijeni kali inayounguza, inaimarisha ukuta wake, na kuwasha jeni zilizokuwa zimelala. Wakati mwingine seli zilizo karibu na jeraha hujiua zenyewe ili adui abaki amezungukwa na mizoga isiyo na chakula.

Jeni hizo zinapowashwa, protini mpya zinafurika kwenye jani. Mholanzi L. C. van Loon alizigundua mwaka 1970 katika majani ya tumbaku yaliyoambukizwa virusi: protini ambazo jani lisilo na ugonjwa halikuwa nazo, zilizotokea baada ya ugonjwa. Leo zimepangwa katika koo 17. Sitazitaja zote, kwa kuwa si zote zinazotuhusu. Kitinasi inakata kitini, na hapo inafanya kazi mbili kwa pigo moja, maana inatoboa ukuta wa kuvu na papo hapo vipande vinavyomeguka vinakwenda kuamsha seli za jirani. Glukanasi inakata sukari nyingine za ukuta huohuo. Defensini ni vijiprotini vya asidi amino 50 hivi, vilivyofungwa kwa madaraja ya salfa, vinavyovuruga utando wa kuvu. Vizuizi vya vimeng'enya vinaziba mdomo wa vimeng'enya vya tumbo la mdudu, naye anakula jani na kushindwa kulimeng'enya. Hili la mwisho lina habari yake: mwaka 1972 Green na Ryan, huko Marekani, walionyesha kwamba mdudu akitafuna jani moja la mnyanya au la kiazi mviringo, vizuizi hivyo vinajaa hata katika majani ambayo hajayagusa. Mmea ulikuwa umepeleka habari mwilini mwake wote.

Sasa rudi kwa mgomba. Kinga hiyo unayo, na ndiyo iliyouwezesha kuishi na kuvu na wadudu wa kila namna kandokando ya Ziwa Viktoria kwa karne nyingi. Kilichokosekana dhidi ya Xanthomonas ni mwitikio wenye kasi na nguvu ya kutosha kabla bakteria hajateremka kwenye mirija ya maji na kuijaza. Ndipo watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, wakiongozwa na Leena Tripathi, pamoja na wenzao wa NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, walipogeukia pilipili hoho. Ndani yake zimo protini mbili, Hrap na Pflp. Ya pili ni ya jamii ya feredoksini, protini zenye chuma na salfa zinazobeba elektroni wakati jani linapotumia mwanga wa jua. Ikizidi katika seli iliyoshambuliwa, oksijeni kali nayo inazidi. Hrap inafanya kazi upande wa pili: inaivunja harpini, protini ya bakteria, kutoka kwenye mafungu makubwa hadi vipande vidogo ambavyo mmea unavitambua upesi zaidi. Zote mbili hazimuui bakteria kwa mkono wao. Zinaufanya mmea ushtuke mapema.

Jeni hizo zilitoka Academia Sinica ya Taiwan, zikapitia shirika la AATF la Nairobi bila malipo ya hati miliki, zikaingizwa katika seli za mgomba. Matokeo ya Hrap ndani ya maabara yalichapishwa mwaka 2010. Kisha mistari 65 ya uzao wa migomba hiyo ikapandwa shambani Kawanda, Uganda, ikachomwa bakteria kwa makusudi, na mwaka 2014 ikatangazwa kwamba baadhi yake ilisimama mpaka ikazaa bila dalili. Mistari mingine ilikufa, kama ilivyotarajiwa.

Migomba hiyo haijafika katika vibanja vya Kagera. Tanzania ilisitisha majaribio ya mazao yaliyobadilishwa jeni mwaka 2021, na uamuzi wa kuyaruhusu au kuyakataa ni wa wananchi na serikali yao. Ninachokidai mimi ni kwamba mjadala huo ufanyike huku watu wakijua kinachozungumzwa: protini mbili za pilipili hoho, mboga ambayo tayari imo katika vyungu vya Bukoba, na kazi yake ni kuongeza kasi ya king'ora. Mtu anayejua hivyo anaweza kukubali au kukataa kwa sababu zake, awe anahofia mbegu kuwa mikononi mwa wachache au anahofia njaa. Asiyejua anachaguliwa na wengine.

Kwa sasa kinga ya mgomba ni mikono ya mkulima. Ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda mara kichane cha mwisho kinapotoka, kwa sababu wadudu huacha bakteria kwenye makovu mabichi ya ua hilo. Panga lipitishwe motoni kabla ya kuhamia shina jingine. Shina lenye dalili likatwe peke yake, chini kabisa, mapema, badala ya kung'oa mashina yote ya ukoo mmoja. Njia hii ya shina mojamoja ilithibitika Kivu Kusini na inamwachia mwenye kibanja chakula. Kituo cha utafiti cha Maruku, karibu na mji wa Bukoba, kimefundisha mengi ya haya. Yanachosha, na yanahitaji kijiji kizima kukubaliana, maana bakteria hajui mpaka wa kibanja.

Tuje kwenye dawa.

Kagera ni kati ya maeneo ya Tanzania ambayo mitishamba yake imeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Profesa Mainen Moshi na wenzake wa Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili walianza na kata ya Bugabo, wakachapisha mwaka 2009. Wakafuata Katoro mwaka 2010. Kisha kijiji cha Kikuku, wilayani Muleba, mwaka 2012, ambako waliorodhesha aina 49 za mimea. Kabla yao, mwaka 2007, Daniel Kisangau na wenzake walikuwa wamechapisha orodha ya aina 75 zinazotumika Bukoba Vijijini kwa magonjwa nyemelezi ya UKIMWI. Ukizisoma orodha hizi pamoja unaona jambo ambalo halisemwi sana: jani moja linachemshwa, jingine linakamuliwa bichi, la tatu linapondwa na kupakwa, la nne linakaushwa na kusagwa. Waganga hawafanyi hivyo kiholela. Na kwa mtu anayetafuta protini, safu hiyo ya namna ya kuandaa ina thamani kuliko safu ya jina la kitaalamu.

Sababu yake ni hii. Dawa nyingi za majani ya Kagera hazina uhusiano na protini. Mubilizi, ule mti mchungu unaojulikana kila kijiji, unafanya kazi kwa molekuli ndogo. Ndio mti uleule ambao mwaka 1987, katika milima ya Mahale, Mohamedi Seifu Kalunde na Michael Huffman walimwona sokwe mgonjwa akitafuna kiini cha matawi yake. Vitu vinavyoleta uchungu huo, kama vernodalini, ni vidogo na havipotezi umbo vikichemshwa kwa muda wa kawaida. Chungu hakivitishi.

Protini ni kitu kingine. Kila protini ni uzi mrefu wa asidi amino za aina 20, na uzi huo unafanya kazi pale tu unapojikunja katika umbo lake. Fikiria kamba ya mgomba iliyozungushwa ikawa kata ya kutulia mtungi: ukiilowesha na kuivuta, unabaki na kamba ndefu isiyobeba kitu. Joto la maji yanayochemka linafanya hivyohivyo kwa protini nyingi. Asidi ya tumbo inaendeleza kazi, kisha vimeng'enya vya tumbo vinaikata kamba vipandevipande na mwili unavila kama ulivyokula maharage. Kwa hiyo kama nguvu ya mti iko katika protini ya kawaida na mganga anauchemsha nusu saa, alichokunywa mgonjwa ni supu.

Maharage yenyewe yanathibitisha. Yanapandwa chini ya migomba karibu katika kila kibanja, na ndani ya punje mbichi, hasa ya maharage mekundu, imo lektini, protini inayoshika sukari zilizo juu ya seli za utumbo. Kwa mdudu anayetoboa punje ni sumu. Kwa mtu aliyekula maharage yasiyoiva ni kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Yakitokota vizuri walau dakika kumi, lektini inakunjuka na kwisha. Maharage yaliyopashwa moto mdogo muda mrefu bila kutokota ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa yanalainika na lektini inabaki.

Mbarika inafundisha somo hilo kwa ukali zaidi. Mbegu yake ina risini, ambayo Hermann Stillmark aliitenga huko Dorpat mwaka 1888. Ina minyororo miwili iliyoshikana kwa daraja moja la salfa. Mnyororo B ni lektini: unashika sukari juu ya seli na kuifungua njia. Ukishaingia, mnyororo A unaachana na mwenzake, unakwenda kwenye ribosomu, ile mitambo inayounda protini za seli, na kung'oa adenini moja tu kutoka mahali palepale kila mara. Ribosomu hiyo haifanyi kazi tena, na mnyororo mmoja unaweza kuharibu zaidi ya elfu moja kwa dakika. Endo na Tsurugi, wa Japani, ndio walioonyesha mahali penyewe mwaka 1987. Mafuta ya mbarika yanatumika kwa usalama kwa sababu risini inayeyuka katika maji na haiyeyuki katika mafuta. Inabaki kwenye mashapo, na kupasha joto kunaimaliza. Watu walioyakamua mafuta hayo kwa vizazi walikuwa wanatenganisha protini na mafuta bila kuwa na jina la kazi hiyo. Mashapo hayo asipewe mbuzi wala kuku.

Papai nalo liko hapohapo uani. Utomvu mweupe unaotoka ukikwaruza tunda bichi una papeini, kimeng'enya cha asidi amino 212 kinachokata protini nyingine. Jan Drenth na wenzake wa Uholanzi walichora umbo lake mwaka 1968: mabonge mawili na bonde kati yao, na ndani ya bonde sisteini moja ndiyo inayofanya ukataji. Tumezoea kuutumia kulainisha nyama, na wauguzi wa sehemu mbalimbali za Afrika wamebandika papai bichi lililopondwa juu ya vidonda vya moto ili kula nyama iliyokufa. Lakini mti haukuutengeneza kwa ajili ya vidonda vyetu. Mwaka 2004 Kotaro Konno na wenzake, huko Japani, walilisha viwavi majani ya mpapai: viwavi walikufa. Majani yalipooshwa utomvu, au papeini ilipozuiwa, viwavi wakakua. Kinacholainisha nyama jikoni kinawamaliza viwavi kwenye jani. Na tazama namna ya kuandaa: papai la kidonda linapondwa bichi, halichemshwi kamwe. Lingechemshwa lisingefaa.

Hapa ningeweza kusema kwamba protini na chungu haviendi pamoja, nikafunga hoja. Bahati nzuri kuna mmea mmoja wa Kongo unaokataa.

Katika miaka ya 1960 daktari wa Norway, Lorents Gran, alikuwa akifanya kazi Kongo, na aliona wanawake wa Kilulua wakinywa chai ya mmea mdogo waliouita kalata-kalata, Oldenlandia affinis, ili uchungu wa uzazi uende haraka. Chai hiyo ilichemshwa. Mikazo ya tumbo la uzazi ilikuwa na nguvu kiasi cha kuhatarisha. Gran alichukua mmea kwenda nao Norway, na mwaka 1973 akachapisha kwamba kiini chake ni peptidi, yaani kipande kidogo cha protini, aliyoiita kalata B1. Wanakemia walishindwa kuelewa: peptidi gani hii inayochemshwa, inapita tumboni, na bado inafanya kazi?

Jibu lilikuja mwaka 1995 umbo lake lilipochorwa. Kalata B1 ina asidi amino 29 tu, na haina mwanzo wala mwisho; kichwa kimeungana na mkia kikawa duara. Ndani ya duara zimo sisteini sita zilizoshikana mbilimbili kwa madaraja matatu ya salfa, na daraja moja linapita katikati ya pete inayofanywa na mengine mawili, fundo lisilofunguka. Baadhi ya vimeng'enya huanza kula protini kwenye ncha, na hapa ncha hakuna. Joto linapoitikisa, fundo linairudisha pale ilipokuwa. Jamii hii sasa inaitwa saiklotidi. Mwaka 2001 ikafahamika mmea unaitumia kwa nini: viwavi waliolishwa kalata B1 hawakukua, kwa kuwa peptidi hiyo inavuruga utando wa seli za utumbo wao. Wanawake wale wa Kilulua walikuwa wanakunywa sumu ya kiwavi, kwa kipimo ambacho uzoefu wa mama zao ulikifundisha, na bado hatari ilikuwa kubwa. Mikazo mikali isiyo na kipimo inaweza kupasua tumbo la uzazi na kumuua mama na mtoto. Mkunga wa Kagera anayempa mjamzito jani la kuharakisha uchungu ana kitu chenye nguvu mkononi, na mahali pa kumpeleka mama huyo ni kituo cha afya.

Oldenlandia iko katika ukoo wa Rubiaceae, ukoo wa kahawa, ile robusta ambayo kwa Mhaya mgeni hupewa punje zake zilizochemshwa na kukaushwa atafune. Si kila mmea wa ukoo huo una saiklotidi, lakini ukoo huo umezaa nyingi kati ya zinazojulikana. Mtu anayetafuta saiklotidi Muleba anajua aanze kuchungulia wapi: mimea ya ukoo wa kahawa ambayo waganga huichemsha na inafanya kazi haraka.

Hatuwezi kuzungumzia dawa Kagera tukauruka UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza waliotambuliwa Tanzania walionekana mkoani humu mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Miaka iliyofuata ilijaza makaburi ndani ya vibanja, na watu walijaribu kila jani walilojua. Ndiyo maana orodha ya Kisangau ina mimea 75. ARV za bure zilipoanza kutolewa nchini mwaka 2004 ndipo hali ilipogeuka, na hakuna jani lililowahi kufanya kazi hiyo. Hilo lisemwe wazi kabla sijaendelea.

Lakini maabara za ng'ambo nazo zilikuwa zinapita njia ileile ya mimea. Kutoka kwenye karela, Momordica charantia, Sylvia Lee-Huang wa New York alitenga mwaka 1990 protini aliyoiita MAP30, na kwenye chupa ilizuia VVU kuzaliana. Momordica foetida, ndugu wa karela mwenye matunda ya rangi ya machungwa, anatambaa kwenye vichaka vya Kagera na anatumika kwa dawa. MAP30 ni binamu wa risini: ina kazi ya mnyororo A bila mnyororo B, hivyo inang'oa adenini ileile lakini haina ufunguo wa kuingilia kila seli. Protini nyingine ya ukoo huohuo, trikosanthini ya China, ilifika mpaka kujaribiwa kwa wagonjwa Marekani, na baadhi yao wakapata madhara mabaya ya ubongo. Kinachoua seli yenye virusi kinaweza kuua na isiyo na virusi.

Kisha ndizi yenyewe. Ndani ya ndizi mbivu imo lektini iitwayo BanLec, iliyotengwa mwaka 1990. Inapenda sukari moja, manosi, na gamba la VVU limefunikwa na manosi kwa wingi kuliko kawaida ya seli za mtu. Mwaka 2010 David Markovitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba BanLec inalishika gamba hilo na kuzuia virusi kuingia katika seli, kwa viwango vinavyokaribiana na baadhi ya dawa zilizokuwapo. Tatizo lake lilikuwa kubwa: inachokoza seli za kinga zigawanyike ovyo na kuleta uvimbe. Waliitazama BanLec kwa ukaribu, kiungo kwa kiungo, na mwaka 2015 wakaripoti kwamba ukibadilisha asidi amino moja tu, ile ya 84, kutoka histidini kuwa threonini, uchokozi karibu wote unaondoka na uwezo wa kushika virusi unabaki. Asidi amino moja. Mpaka kati ya sumu na dawa ulikuwa umekaa hapo. Nikifikiri kwamba kitu hicho kimo katika tunda ambalo Bukoba hutengenezea pombe ya rubisi, nafurahi, na papo hapo nataka msomaji aelewe vizuri: kula ndizi hakuzuii VVU. Lektini iliyomo tumboni haikutani na virusi vilivyomo kwenye damu.

Yote haya yananirudisha kwenye meza ya maabara, ambako nadhani tunajinyima. Desturi ya kupima mitishamba ni kukausha majani, kuyasaga, kuyaloweka katika ethanoli au kiyeyusho kingine kama hicho, kuchuja, na kupima kile kilichoyeyuka dhidi ya bakteria na kuvu. Kwa mubilizi njia hiyo ni sahihi kabisa. Lakini ethanoli inazikunjua protini nyingi na kuzigandisha. Zinabaki kwenye mashapo, na mashapo hutupwa. Mti ambao nguvu yake iko kwenye protini utaonekana hauna kitu, na daftari litaandika kwamba mganga alikosea. Makosa hayo hayarekebishwi kirahisi, kwa sababu mtafiti anayefuata husoma daftari na kuupita mti huo.

Kwa hiyo ombi langu kwa vijana wa Muhimbili, wa Sokoine na wa vyuo vingine wanaokwenda Kikuku au Bugabo ni la kazi ya mikono. Muulizeni mzee kwanza jani linaandaliwaje, na muandike jibu lake kabla ya jina la Kilatini. Kama linachemshwa muda mrefu, tafuteni molekuli ndogo, au saiklotidi. Kama linakamuliwa bichi na kupakwa, msilikaushe wala msiliguse na ethanoli: lichumwe asubuhi, liwekwe kwenye barafu, lisagwe katika maji baridi yenye chumvi kidogo, na sehemu moja ya maji hayo ichemshwe dakika kumi kabla ya kupimwa sambamba na ile ambayo haikuchemshwa. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili itadokeza kama mlichokishika ni protini, na haihitaji mashine ambayo Bukoba haina.